Giaboksi ndogo ndiyo bosi wa mlima

Huku Sumbawanga baridi ni ileile ya kuvaa masweta mawili, ila kijiweni kwetu wiki hii kumechemka. Mshikaji wetu mmoja kadunduliza fedha za maharage na ulezi, sasa anasaka pikapu kuukuu afunge tela, awe anapandisha mpunga kutoka Bonde la Rukwa. Ubishi ni mmoja tu: achukue yenye gia za namna gani?

Kwa nyie msioijua Ufipa, picha ndiyo hii. Mji wetu uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Katikati kuna ukuta wa mlima, Lyamba lya Mfipa. Kwa hiyo gunia linalotoka bondeni kuja mjini linapanda karibu kilomita nzima kwenda juu. Watu wa mbali hututania kwa jina letu, eti maana yake "tupa uchawi". Jamani, mlima ule hauna uchawi, una hesabu.

Wajanja wanasema, "Chukua injini kubwa, umemaliza!" Injini kubwa ni nzuri, sikatai. Lakini kwenye kupanda na tela, bosi ni giaboksi ndogo, ile inayokaa nyuma ya giaboksi kubwa na kuwa na mti wake peke yake. Mafundi huiita transfa.

Chukueni Land Rover Series III, zile za kuanzia 1971 hadi 1985. Transfa yake ina gia mbili: ya kawaida ni 1.148, ya chini ni 2.35. Gawanya mwenyewe. Ukitia ya chini, injini ikizunguka vilevile, gari linakwenda nusu ya mwendo, na nguvu inayofika magurudumuni inakuwa mara mbili hivi. Injini ni ileile, mafuta ni yaleyale, na klachi inapona.

Sasa kuna kifaa kingine kinachowapa vijana kiwewe: ovadraivu. Kwa Land Rover ilivuma ya Fairey, miaka ya 1970. Hii inafungwa nyuma ya transfa na inapunguza mzunguko wa injini kwa asilimia 22 hivi. Gari linakimbia bila kelele, raha mustarehe! Ila kazi yake ni kinyume: inakupa mwendo, inakunyima nguvu. Kwenye lami tambarare ukiwa mtupu, safi. Ukiwa na tela la mpunga mlimani, ni pambo. Ni kama mchumba: wa kukutoa disko ni mmoja, wa kukushika mkono siku ya msiba ni mwingine. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Nilikwenda kumwuliza fundi mmoja mtu mzima, kichwa kimejaa mvi na mikono imejaa grisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuuliza gari linalopanda, siyo?"

"Ndiyo mzee."

"Nyie vijana wote mnauliza la kupanda. Uliza la kuteremka. Kupanda likishindwa, litasimama. Kuteremka likishindwa, halisimami."

Nikaishiwa maneno. Ndiyo ukweli wenyewe. Tela lenye mzigo linasukuma gari kutoka nyuma. Ukikanyaga breki kona hadi kona zinapata moto, zinalegea, mguu unafika chini na gari bado linakwenda. Gia ya chini ndiyo inayolizuia kabla breki hazijachoka. Itie ukiwa umesimama, kabla mteremko haujaanza. Na anayeweka nyutro ili aokoe mafuta anaokoa shilingi, anauza roho yake na ya utingo.

Kuna mtego mmoja. Pikapu nyingi za Kijapani zina mti wenye alama H2, H4 na L4. Hapo gia ya chini inakuja pamoja na magurudumu yote manne. Kwenye vumbi na changarawe, poa kabisa. Kwenye lami kavu, kona zinaikaba mitambo, maana ekseli ya mbele na ya nyuma hazitembei umbali sawa. Wengine hufungua kufuli za magurudumu ya mbele, wakavuta kwa nyuma tu na gia ya chini. Inawezekana, lakini nguvu yote ile inaibeba ekseli moja. Ukiwa na tela zito, unaiomba ikatike. Land Rover za One Ten za kuanzia 1983 zina difu ya katikati, hivyo ile gia ya chini unaitumia hata kwenye lami, mradi hujaifunga difu.

Basi kabla hujahesabu noti, mwambie muuzaji atie gia ya chini, mpande kilima, kisha mteremke nayo bila kugusa breki. Gia ikichomoka yenyewe, shuka, aga kwa adabu. Chungulia na oili ya transfa. Ukiona vipande vya chuma, usibembelezwe na bei.

Tukutane wiki ijayo, na mteremke salama!