Bei ya kinda asitwishwe kinda

Katika ligi kuu ya hoki ya barafuni huko Amerika Kaskazini, ile ijulikanayo kama NHL, kijana wa miaka kumi na minane aweza kubadilishwa kwa nusu ya timu nzima kabla hajawahi kuteleza hata dakika moja pamoja na wakubwa. Sina ugomvi na klabu inayotaka kununua ndoto kwa bei hiyo. Mali ni yake. Ugomvi wangu ni juu ya mtu anayekuja kudaiwa baadaye, maana deni hilo hutwishwa kijana mwenyewe, ambaye hakuipanga bei wala hakuambulia hata senti moja katika mabadilishano hayo.

Wapo watakaoniuliza mchezo huo watuhusu nini sisi watu wa ikweta, ambao tukisikia neno hoki twawaza nyasi za City Park. Nitawajibu kwamba Nairobi ilipata ukumbi wa barafu katika hoteli ya Panari mwaka 2005, kwamba kutokana na barafu hiyo tulipata timu ya Ice Lions, na kwamba mwaka 2018 vijana hao walisafiri hadi Kanada wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Tangu hapo baadhi yetu tumekuwa tukiifuatilia ligi hiyo, na mtu hawezi kuifuatilia kwa muda mrefu kabla ya kukutana na kisa cha Eric Lindros.

Utaratibu wao ni huu. Kila mwaka klabu hukutana kuteua vijana, na klabu dhaifu ndizo hupewa nafasi za mwanzo. Kijana akishateuliwa na klabu fulani, haruhusiwi kujiunga na klabu nyingine ya ligi hiyo kwa hiari yake. Mwaka 1991 Quebec Nordiques, waliokuwa wameshika mkia misimu mitatu mfululizo, walimteua Lindros wa kwanza kabisa. Alikuwa pandikizi la kijana, mwepesi wa miguu, mkali mbele ya lango, naye akasifiwa kote kuwa mfalme ajaye. Lakini alikuwa ametangaza mapema kwamba hataichezea Quebec. Alipoitwa jukwaani hakuivaa jezi. Aliishika tu mkononi. Msimu uliofuata alirudi kwenye timu ya vijana ya Oshawa, kisha akaichezea Kanada katika Olimpiki ya Albertville mwaka 1992 na kurudi na medali ya fedha.

Mwenye kauli katika Quebec, Marcel Aubut, hatimaye akakubali kumwachilia. Kilichofuata kilikuwa mnada hasa. Alikubaliana na Philadelphia Flyers, kisha akakubaliana na New York Rangers, na klabu zote mbili zikadai kuwa kijana ni wao. Ilibidi atafutwe msuluhishi, wakili Larry Bertuzzi, naye mnamo Juni 30, 1992 akaamua kwamba Philadelphia ndiyo yenye haki.

Na tuitazame bei yenyewe. Philadelphia ilimtoa mlinda lango Ron Hextall, walinzi Steve Duchesne na Kerry Huffman, washambulizi Mike Ricci na Chris Simon, na kijana wa Uswidi aitwaye Peter Forsberg, ambaye ilikuwa imemteua wa sita mwaka ule ule wa 1991. Juu ya hao iliongeza nafasi mbili za duru ya kwanza katika uteuzi wa miaka iliyofuata, na dola milioni 15 taslimu. Wachezaji sita, nafasi mbili, na fedha! Wazee husema ndege mmoja mkononi ni bora kuliko kumi mtini. Philadelphia iliwatoa wale wa mkononi.

Matokeo yalionekana upesi. Quebec, iliyokuwa imepata pointi 52 msimu wa 1991-92, ilipata 104 msimu uliofuata. Forsberg aliingia ligini na kutuzwa mchezaji bora chipukizi mwaka 1995. Nafasi moja kati ya zile mbili ikamleta mlinda lango Jocelyn Thibault, na Thibault, pamoja na wenzake wawili, akabadilishwa Desemba 1995 ili apatikane Patrick Roy, mmoja wa walinda lango wakuu kupata kuonekana katika mchezo huo. Kombe la Stanley likapatikana mwaka 1996, na tena mwaka 2001. La kusikitisha ni kwamba watu wa Quebec, waliovumilia miaka yote ya kushindwa, hawakulionja tunda hilo: mwaka 1995 klabu yao ilikuwa imehamishiwa Denver na kuitwa Colorado Avalanche, hiyo hiyo ambayo MacKinnon anaichezea.

Na Lindros je? Hakuwa garasa hata kidogo. Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 22, alitunukiwa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi. Mwaka 1997 aliifikisha Philadelphia katika fainali, ambako Detroit iliwafunga mechi nne bila jibu. Kisha yakaja majeraha ya kichwa, moja baada ya jingine. Mei 2000 Scott Stevens alimgonga akazimia juu ya barafu, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho akiwa na Philadelphia. Alikosana na wakuu wa klabu, akakaa nje msimu mzima, kisha akapelekwa New York mwaka 2001. Alistaafu akiwa amecheza mechi 760 na kukusanya pointi 865. Hata hivyo, alisubiri miaka sita tangu astahili hadi 2016 ndipo akapokewa katika Ukumbi wa Mashujaa.

Kila ajapo kutajwa, hutajwa pamoja na wale sita, kana kwamba yeye ndiye aliyewaachilia. Angecheza vivyo hivyo bila ya mabadilishano hayo, angehesabiwa miongoni mwa washambulizi hodari wa kizazi chake, basi. Lakini kwa kuwa watu wazima wenye suti walikubaliana bei, ikamlazimu awe sawa na Forsberg na Roy na vikombe viwili. Nani awezaye?

Najua nitaambiwa kwamba wachezaji hawa hulipwa mamilioni, basi na wavumilie. Mshahara ni malipo ya kazi. Ile bei ni jambo jingine. Tena tulinganishe na kandanda tunayoifahamu. Mchezaji wa soka hahamishwi mpaka naye akubaliane na klabu mpya. Katika NHL, mchezaji hupigiwa simu akaambiwa afungashe virago. Kifungu cha mkataba kinachomkinga mtu asihamishwe bila ridhaa hakipatikani mpaka atimize miaka 27 au amalize misimu saba. Kinda, ambaye bei yake ndiyo kubwa kuliko ya wote, ndiye asiye na kinga yoyote. Na tangu ligi ilipoweka ukomo wa mishahara mwaka 2005, kijana hodari mwenye mkataba wa mwanzo amekuwa lulu zaidi, kwani hucheza kama mkubwa na kulipwa kama mdogo. Silaha aliyonayo ni moja tu, kukataa.

Yanayostaajabisha ni yaliyoipata Philadelphia yenyewe. Mwaka 2022 ilimteua Cutter Gauthier wa tano. Kijana akakataa kuichezea, na Januari 2024 ikambadilisha na Anaheim kwa mlinzi Jamie Drysdale na nafasi moja ya duru ya pili. Gauthier alipozuru Philadelphia Januari 2025, mashabiki walimzomea kila alipogusa mchezo. Mji uliomshangilia kijana aliyeikataa Quebec haukuweza kumsamehe aliyeukataa wenyewe! Naye Drysdale, ambaye hakumkataa mtu yeyote, sasa hupimwa kila wiki kwa mabao ambayo Gauthier anafunga upande wa pili wa nchi.

Mimi ningependa ligi hiyo impe hata kijana wa miaka kumi na minane haki ya kuulizwa kabla hajahamishwa. Wenye klabu watalipinga jambo hilo kwa nguvu zao zote, hilo nalijua. Basi kwa sasa mashabiki wa Philadelphia, wanapotaka kuzomea, wainue macho wayaelekeze juu kule kwenye vyumba vya vioo, wanakoketi waliotia sahihi.