Detekta Inalia, Soja Anakwambia Pita

Wasee, wacha niseme bila kuzunguka: ile detekta ya mkononi unayopitishiwa ukipanda basi haikulindi. Inakutuliza tu. Nasema nikijua, kwa sababu kazi yangu ni kushauri Sacco na kampuni za mabasi kuhusu ulinzi wa steji na magari: taa, milango, kamera, walinzi, nani anaingia wapi na nani anamwona.

Ulinzi wowote una kazi tatu: kugundua hatari, kuichelewesha, na kuwa na mtu wa kuikabili. Detekta inafanya ya kwanza pekee, tena nusu. Inahisi chuma. Funguo zinalia, mshipi unalia, sufuria unayompelekea shosho inalia. Sasa ikilia, nini kinafuata? Soja amesimama tangu alfajiri, hana redio, na hakuna mtu amewahi kumfundisha afanye nini akipata kitu kweli. Nyuma yako kuna laini ndefu na konda anapiga bodi ya gari. Atakwambia nini? Pita.

Tulifikaje hapa? Kumbukeni 2014. Tarehe 4 Mei, mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili Thika Road na watu wakafa. Woga wetu ulikuwa wa haki, na kukaguliwa kwa detekta kukawa jibu la kila swali.

Lakini Novemba ya mwaka huo huo, mwanamke alivuliwa nguo na genge la wanaume kwa steji hapa Nairobi, video ikasambaa. Tarehe 17 wanawake wakaandamana mjini. Bunge likaongeza kifungu cha 251A kwenye sheria ya jinai: ukimvua mtu nguo, jela si chini ya miaka 10. Sheria tukapata. Steji je? Zikabaki vile vile. Hakuna detekta duniani ingemsaidia yule dada, kwa sababu hatari haikuwa ndani ya begi ya abiria. Ilikuwa imesimama pale steji.

Na hata kwa mabomu, kupanga watu foleni mlangoni si suluhisho peke yake. Tarehe 29 Desemba 2013 huko Volgograd, Urusi, mshambuliaji alijilipua kwenye lango la stesheni ya treni, pale pale penye ukaguzi. Watu 18 walikufa. Umati uliosongamana mbele ya mashine ni shabaha pia.

Kuna Sacco moja, jina naliacha, ilinilipa nikague steji yao. Niliwaandikia mambo manne. Taa pale abiria wanapopanga laini usiku. Kibanda kinachoziba njia kisogezwe ndio watu waonekane. Kila manamba awe na nambari kubwa mgongoni, na jina lake liwe ofisini. Dirisha la dharura lisizibwe na spika. Walinunua nini? Detekta mpya. Mwenyekiti akaniambia, "Kijana, abiria wanataka kuona kitu."

Hapo ndipo shida iko. Tunalipia kuonekana, hatulipii kulindwa. Na anayebeba gharama ni msichana anayetoka kazini saa tatu usiku, akivuka steji yenye giza akiwa ameficha simu kwa sidiria.

Mtu ataniuliza, mbona SGR wanakagua? Kweli, pale Syokimau mizigo inapangwa chini, mbwa wananusa, kisha begi inapita kwa mashine. Lakini treni ni chache kwa siku. Wana nafasi, wana muda, na askari wako hapo hapo kitu kikipatikana. Steji ya mat saa moja jioni haina hata kimoja cha hivyo. Ukichukua kifaa ukaacha mpango, umechukua kelele.

Mwingine atasema heri kidogo kuliko kukosa kabisa. La. Hiyo kidogo imekula pesa ya taa, na imekupa imani ya bure. Ukishaamini umelindwa, unaacha kuuliza.

Kwa hivyo leo jioni ukifika steji, angalia juu: kuna taa inayowaka? Angalia manamba: ana nambari unayoweza kuripoti? Ukiingia ndani, angalia dirisha la dharura: linafunguka ama limezibwa? Kama jibu ni hapana, andikia Sacco yako, mkiwa wengi, muwaulize pesa ya ulinzi ilienda wapi. Nauli ni yenu, na wao wanaijua hiyo hesabu kuliko nyinyi.

Niambieni hapo chini: steji yenu ina taa ngapi zinazowaka?