Hela yetu ni ya lenzi moja, tununue fupi

Ndugu zangu vijana wa Nakivale,

Tumechanga miezi mingi, na sasa hela inatosha lenzi moja ya mitumba kwa ile Nikon D3300 yetu. Wengi wanataka ndefu, 55-200, eti inavuta mbali na inaonekana ya kazi. Mimi nasema hapana. Tununue 35mm f/1.8. Munisikilize kwanza.

Kamera yetu ina sensa ndogo. Kwa Nikon za aina hii unazidisha namba ya lenzi kwa 1.5. Kwa hiyo 35 inaona karibu kama 50 ya kamera kubwa, na 50 inakuwa kama 75. Wanaosema tuchukue 50 wajaribu leo: weka 18-55 yetu kwenye 50, ingia nyumba ya udongo, piga mama na watoto wake. Utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na bado watoto wawili wamekatwa.

Halafu kuna mwanga. Nyumba zetu zina dirisha moja dogo, usiku ni taa ya sola. Hii 18-55 ukiiweka kwenye 35 inafunguka mpaka karibu 4.5 tu. Ile ya 1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara tano. Picha za kwaya usiku hazitatoka tena zimetikisika.

Lakini sababu inayoniuma ni nyingine. Siku moja ya kugawa chakula, mgeni alisimama mbali na lenzi ndefu kama mkono, akapiga mama zetu kwenye foleni. Hakuuliza mtu. Jirani yangu, mama mzee, alijifunika uso na kitenge. Akaniuliza: "Mwanangu, anapeleka wapi sura yangu?" Sikuwa na jibu. Na sisi tununue kitu kilekile?

Ukiwa na 35 huwezi kuiba sura ya mtu. Ili uso ujae kwenye picha lazima usogee, usalimie, useme wewe ni mtoto wa nani. Akikataa, basi, unashukuru unaondoka.

Mutasema: na mpira je? Hapo muna haki, 35 haifiki katikati ya uwanja. Lakini mechi ni Jumapili, watu ni kila siku.

Atakayetumwa Mbarara kununua aangalie iandikwe AF-S na DX. Zile za zamani za AF peke yake hazitajifokasi, ju D3300 haina mota ndani; utazungusha kwa mkono. Aishike kwenye mwanga aangalie kuvu ndani ya kioo. Ikiwa na nyuzi kama utando wa buibui, airudishe.

Mwenye wazo lingine aseme. Lakini kabla ya kusema, amuulize mama yake angependa kupigwa picha kutoka wapi.