Pumziko Wasiloliomba Wazee

Iko itikadi moja katika nchi yetu ambayo kwa kurithiwa na kukaririwa imepata heshima isiyoistahili, nayo ni kwamba raha ya mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi ni kukaa: akae kitini, akae kivulini, akae ndani, asishike jembe wala ufagio, na wale aliowazaa wakimwona ametulia namna hiyo humshukuru Mungu kwamba baba, au bibi, sasa anafaidi matunda ya jasho lake. Hapa Dodoma itikadi hiyo huzidi nguvu kuanzia Septemba mpaka mvua za kwanza za mwisho wa Novemba au za Desemba, wakati jua la uwanda wa kati linapokausha hata mate kinywani, na moshi wa mashamba, wa mkaa na wa takataka unapotanda juu ya mitaa tangu Nkuhungu hata Ihumwa. Maana hapo kumfungia mzee chumbani huonekana kuwa ni huruma. Mimi nasema kuwa ni dhuluma iliyovaa kanzu ya huruma, na hoja zangu nitazitoa bila ya papara, kwa kuwa nami nimeuvuka umri wa miaka 60 ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliuweka kuwa mlango wa uzee, na papara haina tena faida kwangu.

Kwanza na tuitazame siku yenyewe ilivyo. Mji huu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, nayo kwa mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 600. Kwa sababu ya urefu huo na ukavu huo, joto letu si kama joto la Tanga au la Dar es Salaam, ambalo humkumbatia mtu usiku na mchana bila ya kumwachia. Letu huja adhuhuri kwa kishindo, likapita nyuzi 30 katika Oktoba na Novemba, kisha jua likizama, ardhi tupu isiyo na unyevu hulirudisha joto lake angani upesi, na alfajiri mtu hutafuta shuka. Basi mchana wa kiangazi wa Dodoma una vipande viwili vya rehema: kimoja tangu alfajiri hadi kiasi cha saa tatu, na kingine tangu saa kumi na moja hadi magharibi. Kijana aweza kuvipoteza vyote viwili akabaki mzima. Mzee hawezi, kwa sababu mwili uliozeeka hutoa jasho kwa ubahili, na kiu yake huchelewa kuleta habari, hata mtu akaishiwa maji hali hajahisi haja ya kunywa. Kwa hiyo kila alichonacho cha kutembea, cha kuzungumza, cha kushika kazi kwa mikono yake, hana budi kukiweka katika saa hizo chache.

Na ni saa hizo hizo ambazo sisi majirani tumezichagua kuwa za kuwasha moto. Mwenye nyumba hufagia ua wake alfajiri, akakusanya majani ya mwarobaini, mifuko na makopo ya plastiki, akatia kiberiti kabla hajaoga; mama lishe huwasha jiko lake la mkaa; mwenye shamba pembeni mwa mji huchoma mabua jioni, upepo ukitulia, kwa kuwa mchana anaogopa moto utamkimbia. Lakini hewa ya baridi ya alfajiri na ya magharibi hulala chini kwa uzito, ikaufunika moshi usipande, hata ukabaki urefu wa pua ya mtu. Saa saba mchana moshi ule ule ungepaa ukapotea. Hivyo tunazipora saa hizo njema za mzee, kisha tukamwendea kwa sauti ya upole, tukamwambia: Babu, nje kuna moshi, pumzika ndani. Sijui kama kuna ujanja uliokamilika kuliko huo, wa mwizi anayemshauri aliyeibiwa asitoke nje kwa ajili ya usalama wake.

Na huko ndani kuna nini? Babu zetu wa Ugogo walijenga tembe, nyumba fupi ya kuta za udongo na paa tambarare la miti lililofunikwa udongo mnene, ambalo jua hulipiga kutwa bila ya kupenya. Tangu Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na zaidi katika miaka iliyofuata, tembe limehesabiwa kuwa alama ya ujinga, na bati likawa alama ya maendeleo. Nami silitetei tembe kwa upofu, maana lilikuwa na giza, na moto wake uliwaka humo humo ndani pasipo dohani, ukawaharibia akina mama macho na vifua. Ila bati lisilo na dari, saa nane mchana wa Oktoba, ni kikaango, na mle ndani ndimo tunamoambiwa kuwa mzee anapumzika. Mbele yake pana televisheni inayosema peke yake. Ukipita dirishani utamwona ametulia kweli, naye mwanawe atakuambia kwa fahari kwamba mzee hasumbuki tena na lolote.

Yafaa tujiulize itikadi hii imetoka wapi, kwa sababu haikutoka kwa wakulima. Nenda Bahi, nenda Mvumi, utafute mtu aliyestaafu kulima. Utapata aliyeshindwa kulima, na huyo hajisifu. Kustaafu kumekuja na mshahara, na mshahara umetufundisha kuyahesabu maisha kama mtumishi anavyohesabu mafao yake: miaka mingi ya makato, kisha siku moja malipo ya mkupuo. Tumeona jinsi taifa lilivyotaharuki juu ya kikokotoo cha malipo hayo ya mkupuo, asilimia 33 iliyoanza kutumika Julai 2022 na ambayo mwaka 2024 watumishi wa umma waliokuwa wakipata nusu kabla ya hapo waliongezewa ikawa 40. Na taharuki ile ilikuwa ya haki, kwa kuwa fedha ni haki ya mwenye kuichuma. Kosa liko katika kudhani kwamba na furaha nayo hulipwa kwa mkupuo: kwamba mtu akikwisha kujenga, akasomesha, akaoza, mlango utafunguliwa ajikute katika ridhaa, wala asitakiwe kufanya neno jingine. Nimewaona wengi walioufungua mlango huo. Nyuma yake hapana kitu ila kiti.

Wala mtu asinitafsiri kwamba nawasifia wazee ufukara. Zanzibar tangu mwaka 2016 humpa kila aliyefika miaka 70 pensheni ya jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo na 50,000 tangu 2023, bila ya kumwuliza kama aliajiriwa. Bara hatuna jambo kama hilo kwa wote, na bibi wa Kongwa aliyelima miaka 50 hana anachokatiwa wala anachokokotolewa. Anayemhubiria huyo kinaa bila ya kumpelekea unga anamdhihaki. Nasema tu kwamba unga peke yake haujazi siku.

Labda itikadi hii imedumu pia kwa sababu walioitia katika maandishi hawakuwa wazee. Shaaban Robert, ambaye tawasifu yake ina sehemu iitwayo Baada ya Miaka Hamsini, alifariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo huu huu aliyeiandika historia na mila za Wagogo, alizaliwa mwaka 1917 na kufa mwaka 1969. Mabingwa wetu wa lugha walikatwa mlangoni, na habari za chumba cha ndani tumezipata kwa watu wa makamo wanaochungulia. Warumi walikuwa na bahati zaidi. Cicero alipoandika kitabu chake cha uzee, mwaka 44 kabla ya Masihi, alimweka Cato wa miaka 84 azungumze, na katika yote anayoyasifu mzee yule, anakaa muda mrefu kabisa juu ya kilimo cha mizabibu. Mtu wa Dodoma akisoma mahali hapo hutabasamu, kwa kuwa zabibu ni mali yetu. Huvunwa Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba, na kwa kuwa mzabibu hupogolewa miezi kama minne kabla ya mavuno, upogoaji wa msimu mmoja huangukia katika joto hili hili tunalolilalamikia. Kazi hiyo haitaki misuli. Yataka jicho linalolijua jicho la tawi, na mkono usioharakisha, nazo ni bidhaa ambazo uzee unazo kwa wingi.

Katika wilaya ya Chamwino nilimtazama mzee mmoja akishughulika na kisiki cha mgunga kwa njia inayoitwa kisiki hai, ambayo shirika la LEAD la Mpwapwa limeieneza sana mkoani. Kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi mengi, yamesongamana mfano wa ufagio. Aliketi juu ya kigoda, akayatazama muda mrefu, akayashika moja moja kama mnunuzi wa muwa, kisha akayachagua matatu yaliyosimama wima; mengine akayakata kwa panga, akiupeleka mkono kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, akalifunga lililo bora kwa utepe uliotoka katika kanga kuukuu, ili mchunga ng'ombe ajue kwamba mti huu una mwenyewe. Kisha akasogeza kigoda hadi kisiki cha pili. Jua lilipopata nguvu aliondoka, hakungoja kuambiwa. Vijana waliopita walimwamkia, mbukwa, naye akawajibu bila ya kuinua uso. Wapo watakaonikumbusha hapa habari ya kupanda mti ambao mpandaji hatakaa kivulini mwake. Maneno hayo yamechakaa, nami sidhani kwamba mzee yule alikuwa akifikiri kivuli. Alikuwa akifikiri tawi.

Kadhalika yupo bibi ambaye kila Oktoba hushusha masuke ya uwele yaliyotundikwa juu ya jiko tangu mavuno, meusi kwa moshi uliowazuia wadudu, akayapukuchua barazani na kuchagua mbegu, punje kwa punje, iliyo nono huku na iliyo nyembamba kule kwa kuku. Wajukuu wamempelekea mbegu za dukani. Amezipokea kwa shukrani, akaziweka, akaendelea kuchagua. Ukimwambia apumzike atakuuliza apumzike kutokana na nini.

Hapa wapo watakaoniambia: basi kama wazee wana kinaa hiyo, waachwe nayo, na moshi wamekwisha uzoea. Hao ndio ninaowaogopa zaidi, maana wanaichukua ridhaa ya mzee wanaifanya ruhusa. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ambayo kwetu huangukia katikati ya kiangazi, tunawasifu wazee kwa uvumilivu wao, kisha watu wakitoka ukumbini, moshi unaendelea. Mtu aweza kuwa radhi na siku yake na akaukataa moshi wa jirani kwa pumzi moja. Wala hapana adabu ya Kiswahili inayomtaka mgeni, sembuse mwenye nyumba, afurahie kufukizwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu kiasi cha milioni 3.2 katika mwaka 2020. Serikali yetu nayo mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034. Ni jambo jema, ila aliyekuwa na miaka 75 siku ile ya uzinduzi ataambiwa angoje mpaka atimize 85, na kwa sasa bei ya kujaza mtungi wa gesi ndiyo inayoamua nani akohoe. (Wale wasemao kwamba maharage ya gesi hayana ladha wapike wenyewe kwa kuni mwezi mzima, kisha tuyazungumze.)

Tusingoje mwaka 2034 kwa mambo yasiyohitaji mwaka 2034. Kuchoma nyika na mashamba ovyo kumewekewa masharti na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kazi iliyobaki ni ya mwenyekiti wa kitongoji na wa mtaa kuitaja sheria hiyo mkutanoni mwezi wa Agosti, kabla ya moto, badala ya Novemba, baada ya majivu. Majani ya mwarobaini yatiwe shimoni yaoze. Mabua waachiwe ng'ombe, au yatandazwe shambani kuzuia jua. Plastiki na taka nyingine zingoje gari la taka, na kama gari haliji, basi tulifuate kwa ghadhabu ile ile tunayoitumia maji yakikatika. Kwa anayesema kwamba mtaa wake hauna mtu wa kusimamia mambo hayo asubuhi, kabla watu hawajaenda makazini, jibu liko katika chumba cha bati cha nyumba ya pili, mbele ya televisheni: yuko macho tangu saa kumi usiku, anamjua kila mwenye ua, na mama yake kila mmoja wao anamjua kwa jina.