Mtaro ulioziba Chuno ni kodi isiyo na stakabadhi

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wanajua wanalipa kiasi gani kwa leseni, ushuru na pango. Wachache wanajua barabara mbovu inawatoza kiasi gani, kwa kuwa tozo hiyo haina stakabadhi.

Chukua mfano wa mwenye duka wa Chuno, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, anayeleta mzigo kwa bajaji mara tatu kwa wiki. Mvua za Mtwara huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili, yaani wiki zipatazo 20. Iwapo dereva ataongeza Sh. 1,000 tu kwa kila safari kwa sababu ya madimbwi, mwenye duka huyo atakuwa ametoa Sh. 60,000 kwa msimu mmoja. Kodi ya jengo la kawaida, iliyoanza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021, ilipandishwa mwaka 2023 hadi Sh. 1,500 kwa mwezi, sawa na Sh. 18,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo dimbwi linatoza zaidi ya mara tatu ya kodi ya jengo, na mwishowe anayelipa ni mnunuzi wa sukari na unga.

Je, mwenye duka huyu akapige hodi kwa nani? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Alimwendea diwani wake, diwani akambana mhandisi wa halmashauri kikaoni. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wa Serikali, TARURA, kama barabara kuu na za mikoa zilivyokabidhiwa TANROADS mwaka 2000. Halmashauri imebaki na taka, masoko na ushuru.

Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzuri. Wahandisi waliokuwa wametawanyika katika halmashauri waliwekwa chini ya paa moja, na fedha za barabara zikatengwa na matumizi mengine ya halmashauri. Aidha, mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya Sh. 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Nyongeza hiyo ilihitajika, kwani kwa miaka mingi Mfuko wa Barabara uligawa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 tu kwa za wilaya na miji, ambazo ndizo nyingi zaidi kwa urefu.

Hata hivyo, kilichopotea ni mlango wa mwananchi. Mtaro wa Chuno ukijaa mchanga na mifuko ya plastiki, mchanga ni shughuli ya mwenye barabara na plastiki ni shughuli ya mwenye taka. Ofisi mbili zinapogawana mtaro mmoja, ni rahisi kila moja kuingoja nyingine, na mvua haimngoji mtu.

Wahandisi wote wanajua kwamba adui wa barabara ni maji kuliko hata lori. Barabara ya changarawe hujengwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, yaingie mtaroni, yapite kwenye kalavati na kwenda zake. Mtaro ukiziba, maji hurudi barabarani, hulainisha udongo wa chini, na gurudumu la kwanza linachimba shimo. Hata lami haisalimiki, kwani maji yakiingia chini yake huanza kumeguka kutoka kingoni.

Hapo ndipo suala hili linapogusa deni la taifa. Mtwara-Mikindani ni mojawapo ya miji iliyoingizwa katika Mradi wa Miji ya Kimkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliojenga barabara za lami na mifereji ya maji ya mvua. Mkopo hulipwa hata kama lami imekwisha. Mji unaoacha mifereji ya mkopo izibe utalipia barabara ambayo haipo.

Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 na barabara ya Dar es Salaam, Lindi hadi Mtwara kukatika eneo la Somanga, nchi nzima ilipata habari na Waziri wa Ujenzi alifika kusimamia matengenezo. Kalavati la mtaani likizama hakuna waziri anayefika. Ndiyo maana linahitaji utaratibu.

Utaratibu huo si wa gharama kubwa. Kwanza, mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo mitaro yote izibuliwe Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, wakati ambapo fedha za korosho zinaingia mjini na maduka yanajaza mzigo. Pili, kazi hiyo wapewe vijana na akina mama wa kata husika, kwani sheria ya ununuzi wa umma imewatengea wenye mahitaji maalumu asilimia 30 ya zabuni. Tatu, ubao wa matangazo wa ofisi ya kata uonyeshe barabara zitakazotengenezwa, jina la mkandarasi, kiasi cha fedha na tarehe ya kumaliza. Diwani asiye na mhandisi anaweza kumbana mkandarasi akiwa na karatasi hiyo mkononi.

Wafanyabiashara nao wasijifanye watakatifu. Maboksi na maganda yaliyomo mtaroni hayakuanguka kutoka mbinguni. Anayefagia mbele ya duka lake na kusukumia taka mtaroni anajipandishia mwenyewe nauli ya bajaji.

Na kwa mwenye akiba anayetafuta kiwanja au fremu, ushauri ni mmoja. Asiende kukagua Agosti wakati kumekauka. Aende Februari, siku ya pili baada ya mvua kubwa, aangalie maji yamesimama wapi. Dalali hatamwonyesha, lakini mtaro utamwambia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Chuno methali hiyo ina bei: Sh. 60,000 kwa duka moja, kila msimu.