Hija ya Siri na Mfuko wa Wawili



Wapendwa waamini, juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni jema tupu: mume kumwandalia mke wake safari ya ng'ambo bila yeye kujua. Kwetu neno ng'ambo si geni, maana ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Lakini safari tunayoizungumzia ni ya Uganda, kwenda Namugongo, mahali Mtakatifu Karoli Lwanga alipochomwa moto pamoja na wenzake tarehe 3 Juni 1886.

Mwaka jana, baada ya mavuno, mwamini mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na furaha kubwa. (Tumepewa ruhusa na wote wawili kuyasimulia haya, majina tunayahifadhi.) Ndoa yake ilikuwa ikielekea kutimiza miaka 25. "Baba," alisema, "mama watoto hajawahi kuvuka hata Tabora. Nataka siku moja nimwambie tu: fungasha, tunakwenda kwa Mashahidi." Alikuwa amekwisha kuuza magunia 12 ya mpunga, na fedha alimwachia ndugu yake mjini amtunzie. Tulimsifu. Tulimwahidi kuitunza siri yake. Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Juma la tatu alikuja mkewe. Stoo ilikuwa imepungua na fedha hazikuonekana nyumbani. Mumewe alikuwa akipokea simu nje ya nyumba, na mara mbili alikwenda Mpanda mjini bila kueleza sababu. Tena mkopo wa kikundi, waliouchukua pamoja kwa ajili ya mbegu na mbolea, ulikuwa umefika siku yake ya kulipwa, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wanakikundi wenzake bila jibu. Alituuliza swali moja tu: "Baba Paroko, hiyo nyumba nyingine iko wapi?"

Tulijua ukweli wote, na tulikuwa tumejifunga kwa ahadi. Tulimwomba arudi kesho yake, nasi tukamwita mumewe. Akaeleza yote mbele yake. Tulitazamia machozi ya furaha. Haikuwa hivyo. Mama yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Ungeniuliza, ningekuambia mpunga ule ulikuwa wa nani."

Wapendwa, tangu siku ile tumelitafakari neno hilo, na maoni yetu ni haya: zawadi inaweza kuwa ya siri, lakini mfuko wa nyumba hauwezi kuwa wa siri.

Tuanze na mambo ya kawaida. Safari ya kuvuka mpaka haiwezi kupangwa kwa siri hadi mwisho, hata mtu angependa namna gani. Pasipoti ya Tanzania haiombwi kwa niaba ya mtu mzima. Mwombaji anatakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, na afike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Ada yake ni shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, yaani shilingi 300,000 kwa wawili kabla hata ya nauli. Ipo pia hati ya dharura ya kusafiria, yenye gharama ndogo, inayowafaa wanaokwenda nchi jirani mara moja. Nayo huombwa na mwenyewe.

Kisha ipo chanjo ya homa ya manjano. Uganda humtaka mgeni aoneshe cheti chake, na chanjo yapaswa kutolewa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Mjamzito, anayenyonyesha na aliyevuka miaka 60 hupaswa kwanza kushauriana na daktari. Je, tutamchanja mama wa watu kwa kushtukiza? Mwili ni wake, na saini ni yake. Hata serikali, isiyojua lolote juu ya mapendo ya watu hawa, inadai kwamba mke asafirishwe akijua.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi ni ya mfuko wenyewe. Bwana wetu, katika Injili ya Luka, sura ya 14, anatuonesha mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Sisi tungeongeza kwamba katika ndoa wanaoketi ni wawili. Yule baba alihesabu vizuri nauli, chakula na malazi. Asichokihesabu ni deni, kwa sababu daftari la deni lilikuwa kichwani mwa mkewe. Kosa lake halikuwa uchoyo, kwa kuwa alitoa kwa moyo mkunjufu. Alitoa tu kile ambacho nusu yake haikuwa yake.

Kanisa hufundisha kwamba ndoa ni ushirika wa maisha yote, na jasho la shambani limo ndani ya maisha hayo. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya nchi yetu inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria haikutaja magunia ya mpunga. Lakini je, Mkristo hungoja sheria imtajie kila gunia?

Wengine watasema: "Baba, mkiweka kila kitu mezani, furaha ya kushtukizwa itatoka wapi?" Swali hili ni la haki, na jibu tulilipata kwa wahusika wenyewe. Waliketi pamoja. Mkopo wa kikundi ulilipwa kwanza. Mbegu na mbolea za msimu zilitengwa. Magunia yaliyobaki waliyaacha stoo hadi mwanzoni mwa mwaka, mpunga ulipoadimika na bei ikapanda. Wakachagua hati ya dharura badala ya pasipoti, na basi la kundi la mahujaji. Fedha wakazigawa mafungu: hati na chanjo, nauli ya kwenda, chakula na malazi, sadaka, akiba ya ugonjwa, na fungu la nauli ya kurudi likafungwa peke yake, lisiguswe. Wakakubaliana kubadilisha shilingi zao katika duka lenye leseni, si mikononi mwa vijana wa mpakani Mutukula.

Nayo siri ilibaki, ila ndogo. Baba yule hakumwambia mkewe kwamba basi lingesimama Bukoba, wapate kusali katika Kanisa Kuu penye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu, aliyemsikia akitajwa tangu utotoni. Siri hiyo haikumgharimu mtu gunia hata moja. Mama alituambia kwamba pale ndipo alipolia, kabla hata ya kuiona Namugongo na basilika yake yenye nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki.

Kwa wale ambao mfuko wao hauruhusu kuvuka mpaka, tunawakumbusha Karema, humu wilayani mwetu. Huko Adrian Atiman, aliyewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto, alihudumu kama katekista na tabibu tangu mwaka 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Kusali mahali hapo pamoja na mwenzi wako nako ni hija, na huko hakudaiwi hati wala chanjo.

Nasi tumejifunza. Mume au mke akituletea siri njema inayogusa fedha ya nyumba, hatutaahidi tena kunyamaza kabla ya kumuuliza: mwenzako anajua mfuko una nini? Tunawaomba nanyi, kila familia, jioni moja ya juma hili, mketi wawili na daftari moja. Msianze na safari. Anzeni na madeni.

Mungu Mwenyezi azibariki ndoa zenu. Mashahidi wa Uganda, mtuombee.