Mfumo Huria wa Kompyuta: Mwalimu Achague Upi?

Swali hili huulizwa na walimu ambao si wageni tena wa kompyuta: wanaoandaa mitihani, kupanga majalada na kuweka programu bila kushikwa mkono. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Je, zitupwe? Maoni yangu ni kwamba ziwekewe Linux.

Lakini Linux ni ukoo, wala si mtu mmoja. Wataalamu wengine humsifia mwalimu Arch, kwa kuwa humlazimisha mtumiaji kujifunza mengi. Ni kweli, ila mwalimu ana darasa linalomngoja. Yeye apime kwa mambo matatu.

Kwanza, muda wa matunzo. Toleo la Ubuntu la muda mrefu hutunzwa miaka 5. Toleo la Fedora hutunzwa miezi 13 hivi. Kwa mwalimu wa Mbagala au Bunju anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu, kuhama toleo kila mwaka ni mzigo. Pili, uzito. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itafaa Linux Mint yenye sura ya Xfce. Tatu, jirani. Mfumo bora ni ule ambao mwenzako wa ofisi moja anaweza kukusaidia unapokwama.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi atakutana na Windows kazini. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli pia kwamba mtihani ulioandikwa kwa Word huweza kuvurugika mpangilio ukifunguliwa kwa LibreOffice. Basi uhifadhiwe kwa PDF kabla ya kwenda kuchapwa. Hata hivyo, kazi yetu ni kufundisha kanuni, si kukaririsha vitufe vya kampuni moja.

Tukumbuke kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Huko ndiko kujitegemea tulikohimizwa tangu 1967.

Basi, ndugu mwalimu, ujaribu mfumo kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote. Na walimu wa shule moja wachague mmoja, kwa pamoja.